Siku Minyoo Wangu Walipokufa

Fimbo iliyomvunja jirani yangu kidole ilikuwa yake mwenyewe. Ilimpita urefu kwa shibiri moja, imepakwa rangi pingili pingili, na kila pingili imeandikwa idadi ya vidonge. Watu wa afya walimkabidhi fimbo hiyo pamoja na kizibao cha buluu, mkebe wa dawa na kipande cha chaki, apite nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu wa Kisauni akiwamezesha watu dawa ya matende na mabusha. Ukifikiwa, unasimama wima mlangoni, fimbo inawekwa mgongoni mwako, na rangi inayolingana na utosi wako ndiyo inayosema umeze vingapi. Mrefu vingi, mfupi vichache. Ni hesabu ya chekechea, na ilibaki kidogo imtoe roho.

Siku nyingine zote tunamjua kwa viazi karai anavyokaanga alasiri mbele ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Kazi ya dawa alijitolea tu. Marehemu mumewe alikuwa na matende ya mguu, na kwa miaka kumi huyu mama aliuosha mguu ule kwa sabuni, akaukausha mkunjo kwa mkunjo, akapigana na harufu na nzi. Mtu aliyefanya hivyo hahitaji semina ya kumshawishi.

Mimi nilihitaji. Nina shahada ya elimu ya wanyama, na mkate wangu naupata kwa kuandika vitabu vya marudio vya sayansi kwa shule za msingi. Sura ya kinga ya mwili niliiandika mwenyewe. Chembe nyeupe za damu nikaziita askari, mchoraji akazivisha kofia na buti, na chini ya picha nikaandika kuwa askari hao hulinda mipaka ya mwili kwa utaratibu na nidhamu. Watoto wengi wamepata alama kwa kuikariri sentensi hiyo. Nawaomba radhi.

Kwa sababu wakati naandika habari za nidhamu, upande mmoja wa mapumbu yangu ulikuwa umeanza kuwa mzito. Si sana. Ni uzito ambao mtu anaweza kujidanganya nao akibadilisha chupi. Mimi niliyechora mnyoo wa mabusha maabara, kichwa hadi mkia, kwa penseli iliyochongwa vizuri, nilijua ni nini. Na nilifanya nini msomi mimi? Niliacha kunywa madafu. Pwani nzima inaamini kuwa madafu huteremsha maji mahali hapo, na ingawa nilijua fika kwamba anayeleta mabusha ni mbu, nilijikuta nikimpungia mkono muuza madafu kwa adabu na kupita. Miaka mitatu. Elimu ya chuo kikuu ni nguo tu. Mtu akiogopa huivua.

Dawa ilipoletwa mwaka wa kwanza niliihifadhi chini ya ulimi, jirani alipogeuka nikaitema kwenye kopo la mrehani dirishani. Niliogopa kitu kimoja. Dawa hiyo, ukiwa mzima, huenda usisikie chochote. Ukiwa na minyoo, unaweza kulala chini siku mbili, na ploti nzima ikajua sababu.

Mwaka uliofuata akaja Jumamosi adhuhuri, nimetoka kula.

"Hodi, mwalimu." Wananiita mwalimu kwa ajili ya miwani.

"Karibu, dada."

Akanipima. Vitatu. Nikavitia mdomoni, nikanywa maji, nikatabasamu.

"Fungua kinywa."

"Nimeshameza."

"Mwaka jana mrehani wako ulinawiri sana."

"Ni mbolea tu."

"Mbolea yenyewe naijua. Fungua kinywa, inua ulimi. Huko pia. Shavu la kushoto, mwalimu, nina viazi vinaningoja."

Nikameza. Akachora alama ya chaki mlangoni, akaenda mlango wa pili.

Homa ilinivamia alfajiri ya Jumapili. Sisemi ilinipata. Ilinipiga teke. Niliamka meno yakigongana kama sahani ndani ya karai, mgongo umejikunja, na kwenye kinena cha kulia palikuwa na mtoki umetuna kama yai la bata, mwekundu, wa moto. Kutoka hapo kamba ya maumivu iliteremka hadi kwenye pumbu, na kila nikipumua kulikuwa na mtu anaivuta. Nilitapika kwenye beseni. Nilitapika tena bila kuwa na cha kutapika. Nililia, na mimi si mtu wa kulia; nilimwita mama yangu, ambaye yuko Likoni na hasikii vizuri hata ukiwa chumba kimoja naye.

Na katikati ya hayo, kwa ile tabia yangu mbaya ya kufundisha, nilijifafanulia mwenyewe kinachonipata.

Mnyoo huyu akiwa hai ni mpangaji mwerevu. Mbu humwingiza akiwa mdogo, naye hujisokota ndani ya mishipa ya limfu, ile mirija myembamba inayorudisha maji ya mwili kwenye damu. Humo hupata mke, huzaa maelfu, na huishi miaka mitano, sita. Si kwamba mwili haumjui. Unamjua. Lakini yeye huwalainisha walinzi. Huziamsha zile chembe ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake, chembe za 'rudini makwenu, hapa hakuna jambo.' Na wenzake hurudi. Nyumba inaliwa polepole, kimya kimya, hakuna anayepiga kelele.

Kisha dawa inamuua, na maiti haiwezi kumlainisha mtu. Mnyoo anapasuka. Ndani yake walikuwamo bakteria alioishi nao maisha yake yote, nao wanamwagika nje. Chembe nyeupe zinanusa. Zinaitana. Nyingine zimejaa sumu kama mkoba wa mchawi. Zinamganda mtoto wa mnyoo na kummiminia sumu hiyo, nayo haichagui, inaunguza na nyama ya jirani yake. Kingamwili zilizokaa bure miaka yote zinashika kila kipande cha mzoga. Mishipa inalegea, maji yanavuja, mahali panavimba. Habari inafika ubongoni kwamba moto uwashwe, na ubongo hauulizi mara mbili: unaitikisa misuli yote ya mwili ili ipate joto.

Waliokuja kwenye kinena changu hawakuwa na kofia wala buti. Walikuja kama watu wa mtaa wanaposikia mtu akipiga ukelele wa mwizi. Kila mmoja na alichookota njiani, hakuna kiongozi, hakuna anayejua nani alianza, na kibanda cha mwenye haki kinaungua pamoja na cha mwizi. Nilikuwa nimelala chini ya shuka nikipigwa na watu wangu mwenyewe, kwa ajili ya mgeni ambaye tayari alikuwa maiti.

Mnamo saa nne asubuhi nikasikia kelele za kweli.

Ng'ambo ya ua anakaa kuli mmoja wa bandari ya Kipevu, mtu wa bara, amekaa nasi zaidi ya miaka kumi na tano. Ni mrefu kuliko mlango wake. Anaishi na mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma. Asubuhi ile kuli alitoka kwenda bombani, akaanguka, akatapika akigaagaa, akabebwa ndani akitetemeka kiasi cha kitanda kugonga ukuta. Mdogo wake hakutaka kusikia zaidi. Alimfuata mama wa viazi jikoni kwake, akamtoa kwa mkono, kisu cha kumenyea viazi kikianguka, akamleta katikati ya ua. Watu wakajaa. Dirisha langu lilikuwa hatua nane kutoka hapo, nikasikia kila neno.

"Mimi ulinipa viwili, niko sawa! Bro ulimpa vinne, anakufa! Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mrefu, mwanangu. Fimbo ndiyo inayosema."

"Kwani urefu ni makosa?"

"Ni dawa za kufunga uzazi hizo," mwanamke mmoja akasema kwa nyuma. "Nilisema mimi, mkanicheka."

"Nisikilizeni," mama wa viazi akasema, na sauti yake bado ilikuwa ya mtu anayekuuliza akutilie ukwaju au pilipili. "Dawa inaua minyoo. Homa ile ni minyoo wanakufa. Asiye nao hapati. Mpe maji, mpe panadoli, kesho atakuwa—"

"Unasema ndugu yangu ana mabusha?"

Hapo ndipo mama wa viazi alipokosea, kama ni kosa kusema kweli. Kumwambia mwanamume kwamba amewekewa sumu ni kumpa adui. Kumwambia ana minyoo ya mabusha, mbele ya wake za watu, siku ya Jumapili, ni kumvua nguo.

Kofi nililisikia. Lilifuatwa na kishindo cha mtu kuanguka juu ya ndoo.

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, miguu sakafuni. Ushahidi wa kumtetea mama wa viazi ulikuwa umetuna kwenye kinena changu, unapwita. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea hatua nane. Nikajiambia nina homa. Nikajiambia watatulia. Nikajiambia mwenye nyumba atakuja. Nilipenua pazia kidole kimoja, nikalishusha. Chembe zangu za rudini makwenu zilikuwa kazini.

"Leteni hiyo fimbo yake!"

Mama wa viazi alinyanyua mkono kujikinga uso, fimbo ikamshukia. Sauti ya mfupa wa kidole ni ndogo, kama kijiti cha kuwashia moto kikivunjwa. Sauti aliyoitoa yeye haikuwa ndogo.

Nikasimama. Nikafunga kikoi, nikashika ukuta, nikatoka. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nilianza na muhadhara.

"Ndugu zangu," nikasema, meno yakigonga. "Mwili una mfumo wa kinga. Mnyoo akifa—"

"Huyu kalewa!"

"—chembe nyeupe za damu hu—"

Kipande cha tofali kilinipiga begani. Nilikaa chini bila kukusudia. Hakuna aliyenitazama zaidi, maana sasa mtu alikuwa amefungua mkebe wa dawa na wazo likawa limezaliwa, lile wazo ambalo katika kundi huwa halina baba.

"Ameze zote! Si anasema ni dawa? Ameze zote!"

Wanaume wawili walimshika mabega. Mdogo wa kuli alimkalia kwa magoti kifuani, akambana pua kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili akawa anaminya vidonge katikati ya meno yake. Mama wa viazi alikaza taya mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Miguu yake ilikuwa inapiga mchanga. Kiatu kimoja kiliruka. Mtu aliyebanwa pua hawezi kukaza taya milele. Mwishowe alifungua kuvuta pumzi, na kiganja kizima kikaingia, damu na vidonge na mchanga, akakohoa, akameza, akatema, kikaingia kingine. Katika mkebe mlikuwa na dawa ya mtaa mzima.

"Mimi pia!" nilipiga kelele.

Hawakusikia.

"Mimi nina mabusha!"

Hilo walilisikia. Ni ajabu jinsi neno linavyoweza kupita katikati ya watu hamsini kama maji baridi.

Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kimvita ambaye hunidai shikamoo hata tukikutana mara nne kwa siku, alikuwa amefika langoni akihema. Alishika kichwa. "Lahaula! Weye, mwanangu? Na miwani yako?"

"Mimi, bibi. Nimemeza jana vitatu, na mimi si mrefu. Nimeugua tangu alfajiri. Ni minyoo wanakufa."

Mdogo wa kuli alinigeukia, bado amemkandamiza yule mama kwa magoti. Jasho lilimdondoka puani. "Unamtetea tu. Si ni customer wake wa viazi."

"Sivyo."

"Basi tuonyeshe."

Nimeandika vitabu kumi na moja. Sijawahi kuwa na hadhira iliyonisikiliza kama ile. Nilijinyanyua kwa kushika kamba ya nguo, mbele ya wapangaji wa ploti yangu, mbele ya ploti ya jirani, mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani na Biblia kwapani na Waislamu ambao Jumapili hawana haraka, nikafungua kikoi.

Wanawake waligeuza nyuso, ingawa si wote, na si mara moja.

"Huu ni mtoki," nikasema. "Huu mstari mwekundu ni mshipa wenye maiti ndani. Na huko chini mnajionea. Sikulogwa. Sikutiwa sumu. Ninao miaka mitatu, nikaficha. Nendeni mkamtazame ndugu yenu hapa na hapa. Kama hana kama huu, nipigeni mimi."

Mtu alicheka. Kicheko kimoja chembamba, cha aibu, kisha cha pili. "Mwalimu na gunia la mkaa," mwingine akasema, na ule mkazo wa mabega ya watu ukalegea kidogo.

Mdogo wa kuli hakucheka wala hakuinuka. Aliyemwinua ni sauti kutoka chumbani kwake, nzito, ya mtu anayeongea kutoka chini ya blanketi mbili.

"Wachana na mama ya watu! Ni hapo hapo! Ni hapo hapo anaposema!"

"Bro?"

"Nimesema ni hapo hapo! Unataka nikuje nivue pia?"

Aliondoa magoti. Wale wawili waliomshika mama mabega walikuwa wameshayeyuka. Hadi leo sijapata mtu wa ploti ile anayekumbuka walikuwa nani. Mama wa viazi aligeuka upande, akatapika vidonge, vyeupe vyeupe kwenye mchanga, na bibi mwenye nyumba akapiga goti kando yake, akamwingizia vidole kooni bila kuomba ruhusa mpaka kikatoka cha mwisho kilichokubali kutoka. Aliyekimbia kuita tuktuk ni yule yule mdogo wa kuli. Alimbeba mikononi kama bibi harusi, analia kwa sauti, anasema samahani mama, samahani mama.

Zahanati walimweka siku mbili wakimwangalia. Tumbo lilipona, masikio yalivuma wiki nzima. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kiliunganishwa, lakini hakikunjiki tena. Mimi homa iliniacha siku ya tatu. Kuli ilimwacha siku ya nne. Nilirudi mezani nikaandika upya ile sura, nikawatoa askari, nikaweka habari za kundi na moto na jirani anayeungua. Mhariri alinipigia simu. Alisema ni nzuri, lakini wazazi watalalamika, niwarudishe askari.

Mama wa viazi alipoanza tena kukaanga nilienda kununua. Alikuwa anamenya, kisu kimeshikwa kwa vidole vinne na kile cha tano kimenyooka, kinaashiria kitu hewani.

"Ulisikia tangu mwanzo, mwalimu?"

"Nilikuwa na homa, dada."

"Najua ulikuwa na homa." Alitumbukiza viazi kwenye mafuta, akavigeuza. "Pazia lako ni la maua mekundu. Nilikuwa chini pale, kidole hakijanivunjika bado, nikaliona linatikisika. Nikasema, alhamdulillahi, mwalimu anakuja."

Alinifungia viazi kwenye gazeti, akaongeza ukwaju, akapokea pesa kwa mkono wa kushoto.

Mwaka uliofuata walipomletea kizibao na fimbo mpya, ploti nzima ilidhani atakataa. Alinijia mlangoni.

"Nitazunguka," akasema. "Lakini utatangulia wewe. Kila mlango, kabla sijafungua mkebe, utasema kama ulivyosema siku ile."

"Na kikoi?"

"Kikoi kifunge. Maneno yanatosha." Akanikabidhi fimbo. "Kinywa kwanza."

Nilimeza. Nilifungua, nikainua ulimi, nikaonyesha mashavu yote mawili. Kisha tukavuka ua, maana alisema tuanzie kwa kuli. Aliyefungua ni mdogo mtu. Aliniona mimi na fimbo, akamwona mama wa viazi nyuma yangu, akatazama chini.

"Mimi nina minyoo ya mabusha," nikasema. "Mwaka jana nilimeza, nikaugua siku tatu. Ukiugua na wewe, ni wao wanakufa."

Alisimama wima, kisigino ukutani, akaningoja nimwekee fimbo mgongoni. Vitatu, si viwili kama mwaka uliotangulia; naona alikuwa amerefuka, au mara ile hakusimama sawasawa. Alivimeza kwa maji, na kabla hajaambiwa akafungua kinywa mbele ya mama wa viazi, akainua ulimi, akabaki hivyo hivyo, macho yamejaa maji, naye mama akamchungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Funga," akamwambia. Akatoa chaki, akaishika kwa mkono wa kushoto, akachora alama iliyopinda mlangoni.